Kona ya Blanketi

12 Januari

Kwako Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani nayo iwe nzima, maana nakujua: ikikohoa yenyewe, unakohoa nawe. Goti linasemaje siku hizi? Na yule kuku wako mkorofi bado anamkimbiza Fundi Redio kila akija kuazima mkasi? Nisalimie Fundi. Kuku simsalimii, kovu lake bado ninalo.

Mimi sijambo. Kazi ya udobi ni ileile: mashuka ya hoteli yanaingia machafu, yanatoka meupe, na mimi nipo mwisho wa mstari nakunja. Mikono yangu sasa inafanya kazi bila kuniuliza. Juzi nilichukua gazeti la msimamizi nikalikunja mara mbili, nikalikunja tena, nikaliweka juu ya rundo la foronya. Mwenyewe alikuwa hajamaliza kulisoma.

Habari kubwa ni kwamba nimenunua kitanda. Cha mbao, kipana, kinalia kidogo upande wa ukutani, lakini ni changu. Kwa hiyo naja kudai. Ulisema blanketi langu litakaa sandukuni kwako mpaka siku nitakayolala kwenye kitanda nilichokinunua mwenyewe. Siku imefika, Shangazi, toa blanketi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaipokea kwa sauti ya mnada, na jambo hili silitaki lijulikane mtaa mzima.

Nimeomba nafasi chuo cha upimaji ardhi. Mwaka jana walijenga ghorofa mbele ya dirisha letu la kupigia pasi. Kabla ya tofali la kwanza walikuja wapimaji, na mkubwa wao alikuwa mwanamke, ana chombo cha miguu mitatu na daftari kwapani, anaonyesha kidole tu, wanaume wanasogea na vigingi vyao. Niliunguza shati la mteja nikimwangalia. Tangu siku hiyo sina raha. Kwenye fomu nimeandika anwani yako, kwa sababu chumba hiki sina hakika nacho. Mtihani wao wa hesabu ni tarehe kumi na saba Juni. Nikifaulu, naingia. Nikianguka, nakunja mashuka mpaka nizeeke.

Nimeanza masomo ya jioni. Mwalimu wetu tunamwita Mwalimu Kengele kwa sauti yake. Wiki iliyopita akauliza: kipeuo cha pili cha kumi na sita ni ngapi? Nikaruka kama chura: nane! Akaniuliza kwa upole, nane mara nane ni ngapi, binti? Nikahesabu, nikapata sitini na nne, na darasa zima likavunjika mbavu. Shangazi, mimi nikisikia namba nataka kuikata katikati. Kazi yangu ndiyo hiyo kutwa, kukunja vitu nusu kwa nusu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Nafikiria kuacha. Wewe peke yako ndiye ninayekuambia.

Wako,
Kipande


30 Januari

Kipande changu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Goti limenyamaza, sijui linapanga nini. Cherehani inakusalimu. Kuku ametaga mayai matano kwenye sanduku la vipuri vya Fundi, naye amekuja kulalamika ameyashika mkononi kama mtu aliyeokota vito. Nimemkaangia yote akala hapahapa. Hayo ndiyo ya mtaani, na usianze kunitania kuhusu Fundi.

Barua yako nimeisoma. Kuacha, hapana. Nilikulea ukiwa na ukubwa wa mkate, watu wananiambia huyu hamalizi mwezi, nikawaambia basi tutamwita Kipande, tuone kama hatashonwa akawa nguo. Hukuacha kunyonya, hukuacha kulia, usiku na mchana. Leo unaacha kwa sababu ya nane?

Hesabu na mimi tuliachana mapema, wala sijui hicho kipeuo kinakaa wapi. Nikusaidie vipi? Nitakuambia tu habari za blanketi lako, maana nimelitoa sandukuni kulianika, na kila nikiligusa nakukumbuka.

Ulipotimiza mwaka mmoja nilikuwa na kipande kimoja cheupe, kilichobaki kwenye gauni lako. Nikakipinda nikakiweka. Mwaka wa pili nikaongeza kimoja kulia, kimoja chini, na kimoja cha kufunga kona: vitatu. Mwaka wa tatu nikaongeza vitano, viwili kulia, vitatu chini ukihesabu na kona. Mwaka wa nne saba. Kila mwaka vipande viwili zaidi ya mwaka uliopita, kila mwaka rangi yake, kulia kwanza, chini baadaye, kona mwisho. Nilifanya hivyo ili lisiende upande mmoja likawa shuka la meza. Nilitaka libaki sawa pande zote, kama moyo wa mtu mwenye akili. Mwaka ulioondoka nimeushona kwa pazia la chumba chako, lile la maua. Sikulia, niliimba tu kwa sauti mbaya.

Mwezi wa tatu ukitimiza ishirini na tatu nitaongeza ukanda wa mwaka huu, kisha nitalituma.

Naishia hapa kwa sababu taa ya sebuleni siku hizi inawaka kwa kununa, na karatasi hii haina mistari ya maana.

Shangazi yako


15 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Barua yako ilichelewa, maana namba ya sanduku la posta uliiandika sita mahali pa tisa, ikazunguka kwa watu. Wewe, uliyenichapa kwa kuandika sita yangu kichwa chini! Na mistari yako ilikuwa inapanda mlima. Uliandikia gari likitembea?

Hapa tu wazima. Kitanda kinaendelea kulia, nimekizoea. Msimamizi ananiita Bi Mpimaji, lakini amenibadilishia zamu ili niwahi darasani. Usimdharau mtu kwa makelele yake.

Sasa nisikilize, na kama umesimama kaa. Nilichora blanketi lako. Nilichukua karatasi nikaweka kipande kimoja, nikaongeza vitatu vikawa vinne. Nikaongeza vitano, tisa. Nikaongeza saba, kumi na sita. Kumi na sita! Namba ileile iliyonitia aibu, na hapo nilikuwa na miaka mingapi? Minne. Blanketi lilikuwa vipande vinne kwenda kulia na vinne kwenda chini.

Kipeuo ni upande, Shangazi. Basi, hakuna uchawi. Ukiniambia vipande vyote vya blanketi la mraba, kipeuo ni upande wake, na upande wa blanketi langu ni umri wangu. Mimi nilikuwa naikata idadi katikati wakati nilitakiwa kutafuta upande. Kesho yake kazini nikalikunja shuka moja la mraba huku naliangalia, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu niajiriwe. Kunja mara moja, limebaki nusu, lakini limekuwa refu, si mraba tena. Kunja upande wa pili, mraba umerudi, na upande wake ni nusu ya ule wa mwanzo. Lakini eneo limebaki robo! Nikasema kwa sauti, "Kumbe!" Wenzangu wakadhani nimepata pete mfukoni mwa mteja.

Nilimwonyesha Mwalimu Kengele mchoro wa blanketi. Aliishika karatasi, akaigeuza pande zote nne. Kisha akaniita ubaoni niwaeleze wenzangu, na safari hii hakucheka mtu.

Bado nababaika na namba zisizotimia. Ukinipa vipande ishirini, najua blanketi la nne kwa nne linatimia na vinne vinabaki, la tano kwa tano halitimii, kwa hiyo kipeuo kimelala kati ya nne na tano. Hapo katikati ndipo ninapozama. Lakini siachi. Nimejikaza kisabuni, kama tunavyosema huku kwetu kwenye mapovu.

Umesema taa inanuna. Mwambie Fundi Redio aiangalie. Na wewe mwenyewe, mzima kweli?

Kipande wako


24 Machi

Kipande,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa. Mwandiko huu si wangu, ni wa Fundi Redio. Nimejichoma sindano kidoleni, kidole kimevimba, basi nimemwomba aandike ninayosema, na ameapa hataongeza lake.

(Sijaongeza lolote. Habari za siku nyingi, binti. Ni mimi Fundi.)

Taa imeangaliwa. Taa haina neno.

(Kweli, taa haina neno. Niliibadilisha hata hivyo.)

Nashukuru kusikia umekamata hesabu zako. Sijaelewa hata nusu, nikamwambia Fundi anisomee mara mbili, na mara ya pili nikalia kwa furaha, ambayo hakuna haja ya kuandika.

(Ameniambia niyafute hayo, lakini wino wa kalamu hii haufutiki.)

Kazi ya kushona sare za shule mwaka huu sikuichukua. Nimeamua kupumzika kidogo, mtu ana haki ya kupumzika. Ukanda wako wa mwaka huu nimeushona, wa kijani, kitambaa kizuri, nilikichagua kwa kukipapasa. Blanketi nimelifunga, Fundi atalipeleka posta. Ulilalie vizuri.

Kitu kimoja: usije huku kabla ya mtihani. Najua utataka kuja Pasaka au siku yoyote ya mapumziko ukinisikia nimejichoma kidole. Usije. Kaa, soma, fanya mtihani, ndipo uje. Sitaki mjadala.

(Amesema sitaki mjadala mara tatu. Mimi nimeandika moja.)

Shangazi yako

(Mwandishi hajasema kitu. Naomba ukumbuke hivyo: mwandishi hajasema kitu.)


4 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Blanketi limefika juzi. Posta walilikalia mpaka nikaenda kuwapigia kelele kwa sauti niliyojifunza kwako. Nimelala chini yake siku mbili. Linanuka sanduku lako, sabuni na ule mti wa kufukuzia nondo, na asubuhi ya kwanza niliamka nikidhani nitakusikia ukimtukana kuku.

Ningependa barua hii iishie hapo. Haiwezi.

Nilipolitandaza niliona ukanda wa kijani uko kulia na kushoto, na kile kipande cheupe cha kwanza hakiko tena konani. Nikadhani umebuni mtindo mpya. Jana nikaamua kulifanyia zoezi: nijifanye sijui umri wangu, nihesabu vipande vyote rangi kwa rangi, nijumlishe, kisha nitafute kipeuo kwa kalamu. Nikapata mia tano ishirini na nane.

Nikajaribu. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili ni mia nne themanini na nne, imepungua. Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu ni mia tano ishirini na tisa. Imezidi kwa moja! Nikasema nimekosea kuhesabu. Nikahesabu tena, ileile. Nikajiona mjinga wa Januari amerudi. Nikalibeba blanketi zima mpaka darasani, nikamwambia Mwalimu Kengele hii namba haitaki kuwa na kipeuo cha kueleweka. Akaniuliza swali moja tu: nani amekuambia ni mraba?

Nikahesabu upande wa juu, ishirini na nne. Nikahesabu ubavu, ishirini na mbili.

Mwalimu alifurahi sana, akaandika ubaoni kwamba upande mmoja ukipanda kwa moja na mwingine ukishuka kwa moja, kinachopotea ni kipande kimoja tu, ndiyo maana jicho halioni tofauti. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa na kona ya blanketi mkononi, nalia.

Kwa sababu mimi nakujua unavyoshona. Kulia kwanza, chini baadaye, kona mwisho, miaka ishirini na miwili hukukosea hata mara moja. Mwaka huu umeshona kulia, ukaligeuza blanketi, ukadhani umefika chini, kumbe umefika kushoto. Na kwenye ukanda huo kipande kimoja umekishona ndani nje. Wewe, Shangazi, unayeona uzi mmoja uliolegea kwenye shati la mtu aliye ng'ambo ya barabara!

Sita mahali pa tisa. Mistari inayopanda mlima. Taa isiyo na neno. Kitambaa ulichokichagua kwa kupapasa. Sare ulizozikataa. Yote ulikuwa unaniambia, na mimi nikawa naandika utani.

Ni macho, siyo? Tangu lini? Umemwona daktari? Nani anakupikia?

Jumamosi ijayo naja. Mtihani utakuwepo mwakani.

Kipande


11 Mei

Kipande,

Ukitia mguu hapa kabla ya mtihani nitakufungia mlango. Nitapapasa mpaka niupate mlango, kisha nitaufunga.

Haya, ni macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limeshakuwa kama dirisha lililopakwa maziwa. Lilianza mwaka jana. Daktari wa macho amesema anaweza kumtoa huyo mtoto, akianza na jicho moja, kazi ya nusu saa, ila niende na mtu wa kunishika mkono na kunirudisha. Nimemwambia nitarudi mwezi wa saba. Nilitaka umalize mtihani wako, uje unisindikize wewe, ndiyo mpango wangu wote. Nilidhani ni mpango mzuri. Sikujua blanketi ni mbeya.

(Mimi nilijitolea kumsindikiza tangu Desemba. Naandika hili bila ruhusa.)

Fundi, andika ninayosema mimi. Sababu nyingine ni kwamba naogopa. Mtu anakuja na kisu karibu na jicho lako, wewe uko macho, unaambiwa usitikisike. Mimi nilipotobolewa sikio nilishikwa na watu wanne. Naogopa kwamba litaharibika kabisa, na nitakaa mbele ya cherehani nimeinama kama pambo. Usiandike hilo. Umeshaandika? Basi liache.

Usiache mtihani kwa ajili yangu, mwanangu. Nikijua umeacha, hata nikiona, nitaona nini?

Shangazi yako


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Ninakupenda kuliko hasira niliyonayo, na hasira ninayo nyingi.

Unaogopa kisu, mimi naogopa karatasi. Ukingoja mwezi wa saba utafika wa nane, nakujua, goti lako lilingoja miaka mitatu. Basi sikiliza sharti langu. Tarehe kumi na saba Juni mimi naingia kwenye mtihani. Tarehe hiyohiyo wewe unaingia kwa daktari, na Fundi Redio anakushika mkono. Usipokwenda, siendi. Nitajua, maana Fundi atanipigia simu asubuhi hiyo ukiwa umeshakaa kwenye benchi la hospitali, na nisiposikia simu nakunja karatasi yangu mara mbili, mara nne, narudi kwenye mashuka.

Ulinifundisha ukaidi mwenyewe, usinilaumu.

Kipande


27 Mei

Kipande,

Haya.

Shangazi yako

(Neno hili limechukua jioni nzima. Tarehe nimeshaichukua kwa daktari. Fundi.)


2 Agosti

Kipande changu,

Hujambo, mwanangu? Angalia mwandiko. Angalia sita na tisa zangu zilivyosimama. Hakuna Fundi humu ndani, yuko nje anafukuzwa na kuku, nami namwona vizuri kabisa kutoka hapa. Sikujua kwamba ameanza kuwa na mvi. Zimemkaa vizuri, wala usijibu sentensi hii.

Ulipokuja ile Jumamosi baada ya mtihani nilikuwa bado na kitambaa jichoni, sikukuona sawasawa, nilikushika tu uso. Sasa jicho moja limetulia, la pili ni mwezi ujao, na siogopi tena sana. Nilipotolewa kitambaa kwa mara ya mwisho, kitu cha kwanza kukiona ni mkoba wangu mwekundu, umebebwa kifuani na mwanamume mzima katikati ya watu, kama mtoto mchanga. Nilicheka mpaka muuguzi akanionya.

Barua zako zote nimezitoa nikazisoma upya mwenyewe, na pale uliposema ulikuwa darasani na kona ya blanketi mkononi nilisimama kidogo nikaenda kuchemsha chai.

Kuhusu blanketi ulilokuja nalo siku hiyo ukaniachia. Nimelitandaza sakafuni nikaona aibu yangu yote kwa jicho langu jipya. Ukanda wa kushoto nimeufumua, na kile kipande kilichoshonwa ndani nje nimekigeuza. Kipande chako cheupe cha kwanza kimerudi konani kwake. Ukanda wenyewe nikaushusha chini, mahali pake. Nikashona kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, na nilipofika mwisho ukanda ukaniishia. Umebaki mwanya konani, wa kipande kimoja. Nikakaa nikauangalia. Ndicho kile ulichokuwa unakitafuta, kile kimoja kilichokuwa kinakunyima kipeuo. Sasa nimeielewa hesabu yako, Kipande, na mimi niliachana nayo nikiwa mdogo. Nimemweleza Fundi, yeye bado.

Nilitafuta kijani cha kuziba, hakikubaki hata kidogo. Nikataka kuweka rangi yoyote, mkono ukakataa.

Kisha leo asubuhi posta wakaleta bahasha ya chuo kwa anwani yangu, kama ulivyoandika kwenye fomu. Najua ni yako na si ya kufunguliwa na mwingine. Nimeifungua. Miezi yote ile nilikuwa nasomewa maisha yangu na mtu mwingine, nikasema hii nitaisoma mimi. Nimeisoma nimesimama mlangoni, kwenye jua, herufi moja moja, mara ya kwanza na mara ya pili. Masomo yanaanza Septemba. Uende na viatu vigumu vya kutembelea.

Nimepiga kelele, majirani wakatoka, hata kuku amenyamaza.

Basi, usininunulie kitambaa cha kona. Kata kipande kwenye sare yako ya udobi, upana wa vidole vinne, uje nacho tukishone pamoja. Sare hiyo huihitaji tena.

Shangazi yako anayekuona